Barza, Ua na Sikukuu: Nyumba za Miji Midogo ya Maniema

Vita vya Maniema vimeandikwa sana. Nyumba zake hazikuandikwa. Mwanafunzi wa historia hutajiwa kuanguka kwa Nyangwe mwezi wa Machi 1893, kuanguka kwa Kasongo mwezi wa Aprili mwaka uleule, na kifo cha Sefu, mwana wa Tippu Tip, kabla mwaka haujaisha. Lakini mgeni ashukaye Kasongo hapokewi na tarehe hizo. Hupokewa na safu ya nyumba za pembe nne, kuta za udongo au za matofali yaliyokaushwa juani, paa lililotokezwa mbele na kushikwa na nguzo za mti, na chini ya paa hilo watu walioketi. Katika makala haya tutashughulika na nafasi hiyo ndogo, isiyo nje wala ndani, ambayo kwetu huitwa barza. Na tutaitazama hasa siku ya sikukuu, kwa kuwa ndipo nyumba ya Maniema inapojulikana ilijengwa kwa ajili gani.

Tuanze na jina, maana limewapotosha wengi. Pwani, baraza ni benchi la mawe au la udongo lililojengwa kandokando ya ukuta wa mbele. Mgeni asiyestahili kuingia ndani hukaribishwa hapo, na wazee huongea hapo baada ya sala ya alasiri. Kutoka mahali, neno likawa mkutano wa watu waketio mahali hapo, hata leo Tanzania ina Baraza la Mawaziri. Kongo neno lilishika njia nyingine. Lilipoteza irabu moja, likaingia katika Kifaransa cha Wabelgiji, nao wakasema «la barza» kwa maana ya veranda ya nyumba yoyote, hata ile ya afisa wa serikali. Kisha likarudi lilikotoka: mwaka 1998, watu wa makabila ya Kivu ya Kaskazini walipounda chombo cha kupatanishana, walikiita Barza. Neno lilizunguka karne nzima, likafika tena penye maana ya kuketi na kusemezana.

Kwa sababu jina ni la pwani, wengi wamedhani kwamba kitu chenyewe nacho kililetwa na Waarabu na Waswahili pamoja na mchele, miembe na kanzu. Dhana hiyo ndiyo tunayotaka kuipinga.

David Livingstone aliingia nchi ya Maniema mwaka 1869, akakaa muda mrefu Bambarre, yaani Kabambare ya leo, kisha akafika Nyangwe mwezi wa Machi 1871. Wakati huo walowezi kutoka pwani walikuwa wachache, tena wageni. Desturi za ujenzi alizoziona vijijini hazikuwa zao. Katika daftari zake aliandika kwamba vijiji vya wenyeji vilipangwa kwa njia zilizonyooka, mara nyingi kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua lipite njia nzima na kukausha unyevu wa mvua. Nyumba zilikuwa za pembe nne, zimepangwa kwa mstari, kuta zao za udongo uliopigwa vizuri, na paa la majani lililoshuka chini. Mbele ya mlango, asema, mara nyingi palikuwa na veranda ndogo. Alfajiri jamaa yote ilikusanyika hapo kuuzunguka moto, ikaota joto, ikavuta hewa safi na kuzungumza mambo madogo ya nyumbani.

Msomaji apime uzito wa ushuhuda huu. Mwandishi wake hakuwa akitafuta asili ya barza. Alikuwa mgonjwa, amekwama, anapita njia na kuandika alichokiona. Naye aliona nyumba ya pembe nne, iliyo katika safu, yenye kivuli mbele ya mlango ambapo jamaa hukutana. Pwani ilileta jina, ikaleta na tabia fulani za adabu: nani aketi wapi, nani aingie ndani. Kitu chenyewe kilikuwapo. Tena kilikuwa cha jamaa yote, wake kwa waume na watoto, hali baraza ya pwani ilikuwa zaidi ya wanaume. Tofauti hii tutaikuta tena katika sikukuu.

Miaka ishirini baadaye mji ulikuwa mwingine. Tippu Tip alikuwa ameifanya Kasongo makao yake tangu miaka ya 1870, na mali ya pembe za ndovu ilikuwa imejenga nyumba kubwa. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis, alichapisha kitabu chake mwaka 1897, akaeleza humo jinsi alivyojichagulia chumba chenye urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, mlango wake ukifunguka kwenye bustani ya michungwa. Alistaajabia vitanda vilivyochongwa, magodoro ya hariri, bilauri na vyombo vya fedha. Tukisoma kurasa hizo leo twashawishika kufurahi kwamba katikati ya bara palikuwa na mji wa namna hiyo, na mwandishi wa mistari hii haoni aibu kuikiri furaha hiyo. Lakini swali hufuata mara moja: chumba cha futi 80 kilijengwa na nani? Udongo ulikanyagwa na mateka. Nguzo zilibebwa na mateka. Mashamba ya mpunga yaliyolisha mji yalilimwa na mateka. Na Nyangwe, ambayo soko lake Livingstone alilipenda kuliko mahali pengine popote katika safari hiyo, ndiyo Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambapo wanawake waliokuja kuuza na kununua walipigwa risasi, na mamia wakafa, wengi katika maji ya Lualaba.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo letu. Warithi wa nyumba hizi si wenye pembe za ndovu. Hao waliuawa, walihamishwa, au walirudi Unguja. Tippu Tip mwenyewe aliondoka kabla ya vita, akafa huko mwaka 1905. Waliobaki ni wale waliokanyaga udongo, pamoja na wana wao. Pwani, mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru. Maniema neno lilipanuka likawachukua watu waliotwaliwa utotoni vijijini, wakatahiriwa, wakafundishwa kusali, wakavaa kanzu, wakasema Kiswahili. Hata lugha yao ikaitwa Kingwana. Wengi wao hawakuwa huru kwa sheria ya mtu yeyote. Uungwana wao ulikuwa katika vitu vionekanavyo: nguo, sala, usemi, na nyumba. Mtu aliyeng'olewa katika ukoo wake, asiyeweza kutaja kaburi la babu yake, alikuwa na haja kubwa ya mahali ambapo watu wangemwona ameketi kama mwenye nyumba. Na siku ya kuonekana hivyo ilikuwa sikukuu.

Baada ya 1893 utawala mpya ulihamisha kituo, na mji wa zamani ukaachwa. Wenyeji wanauita Tongoni. Kamusi zasema tongo ni mahali palipokuwa na makazi, watu wakahama. Tanzania nayo ina Tongoni yake, karibu na Tanga, yenye magofu ya msikiti na makaburi. Wataalamu wa akiolojia walioshirikiana na wenzao wa Lubumbashi walichunguza Tongoni ya Kasongo katika miaka ya 2010. Kwa macho ya kawaida hapana mengi ya kuona, maana nyumba ya udongo ikikosa paa hurudi kuwa udongo. Miembe ndiyo inayodumu.

Reli ya Maziwa Makuu ilipoiunganisha Kindu na Kongolo mwanzoni mwa karne ya 20, ilipita ng'ambo ya Lualaba. Kindu ikawa mji wa reli na bandari, na mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa, ikawa makao makuu ya mkoa wa Maniema. Kasongo ilibaki mji mdogo. Hasara hiyo ya biashara iliuhifadhi mji: hapakuwa na fedha za kubomoa.

Utawala wa kikoloni uliwatazama Waislamu wa Maniema kwa wasiwasi. Tangu mapatano ya 1906 kati ya Dola Huru na Vatikani, elimu ilikuwa mikononi mwa misioni, na shule za Kurani hazikupewa msaada. Basi barza ikawa darasa. Mwalimu aliketi na ubao, watoto wakaketi mkekani, sauti zao zikasikika njiani. Dini iliyonyimwa majengo makubwa ilikaa katika nyumba za watu, na ndiyo maana sikukuu zake nazo zilikuwa za nyumbani kuliko za uwanjani.

Tuitazame basi Idi jinsi inavyoingia katika nyumba. Juma zima kabla ya siku yenyewe, kuta hupakwa upya. Udongo mweupe au mwekundu hupigwa kwa mkono, na sakafu hulainishwa. Kazi hii ni ya wanawake na watoto, na kwa nyumba ya udongo si pambo tu. Ufa uliofunguliwa na mvua huzibwa siku hizo. Nyumba isiyofanyiwa sikukuu miaka mitatu huanza kuanguka. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba kalenda ya dini ndiyo iliyokuwa fundi wa mji. Usiku wa kuamkia Idi moto huwashwa uani, nyuma ya nyumba, ambako ni ufalme wa akina mama. Chakula cha siku hizo ni wali. Siku za kazi watu hula bugali na sombe; mchele, ambao pwani iliuleta na mateka wakaulima, umekuwa chakula cha heshima, na hakuna mtu mezani anayeukumbuka utumwa wake.

Baada ya sala, ushoroba wa katikati hufunguliwa pande zote mbili. Siku nyingine mlango wa nyuma hufichwa kwa pazia. Siku ya Idi mtu aliye njiani huona moja kwa moja mpaka uani, kwenye masufuria. Wazee wanaume huketi barzani. Lakini tofauti na pwani, saa za mchana nyanya huletewa kiti chake mbele ya nyumba, na ndiye anayesalimiwa kwanza. Wajukuu wenye nguo mpya hupita barza moja hadi nyingine, hushika mkono wa mzee, hupokea fedha kidogo au peremende, na kila mmoja huulizwa swali lilelile: wewe ni wa nani? Mtoto hujibu kwa kutaja baba, kisha mama, kisha nyumba. Kwa jamaa ambazo ukoo wao ulikatwa miaka mia na hamsini iliyopita, swali hilo si mchezo. Yule nyanya aketiye mbele, na jamaa nzima kumzunguka, yuko karibu zaidi na moto wa alfajiri alioueleza Livingstone kuliko na mabaraza ya Lamu.

Wala nyumba hizi si za Waislamu peke yao. Misioni ya Kasongo ilianza mwaka 1903, na jamaa nyingi zina watu wa dini zote mbili chini ya paa moja. Noeli na Bonane hufuata utaratibu uleule: kuta, wali, nguo mpya, mizunguko ya watoto. Kwa kawaida mbuzi wa Noeli huchinjwa na mjomba Mwislamu, ili pasiwe na mtu wa jamaa atakayeshindwa kula. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Watumishi wakatakiwa kwenda kazini tarehe 25 Desemba. Wali ulipikwa vilevile jioni. Sikukuu isiyotegemea uwanja wa serikali ni vigumu kuifuta kwa amri.

Vita ndivyo vilivyofanya ambalo amri haikuweza. Kati ya 1998 na 2003 wengi waliacha miji wakajificha msituni, na waliporudi walijenga kwa woga. Siku hizi mwenye uwezo, Kindu kama Bukavu, huanza na ukuta kuzunguka lupango na mlango wa chuma; nyumba hufuata baadaye. Barza ipo bado, tena ya saruji na vigae, lakini imetazamishwa ndani, kwenye gari. Mwandishi hawezi kumlaumu aliyeporwa mara mbili. Hata hivyo tukubali kwamba mtoto hawezi kupita barza hadi barza pale ambapo kila barza ina bawabu, na kwamba swali la «wewe ni wa nani» sasa huulizwa kwa simu, kama linaulizwa.

Mtafiti anayetaka kuona mpango wa zamani pengine atauona vizuri zaidi nje ya mipaka yetu. Wamanyema waliovuka Tanganyika walikaa Ujiji, na wengine Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, ambako njia zake zilizonyooka zina namba badala ya majina. Huko asubuhi ya Idi viti hutolewa mbele ya milango, na Kiswahili kinachosikika kina maneno ambayo wazee wa Kasongo wangeyatambua.