Chuo Kisicho na Muhuri

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Nilifunga begi, nikapanda matatu, na hakuna polisi aliyenisimamisha. Labda ndiyo sababu kisa cha Tetovo hakinitoki kichwani. Huko, watu walikabiliana na polisi ili waingie darasani.

Tetovo ni mji wa Masedonia Kaskazini, chini ya milima ya Šar. Wakazi wake wengi ni Waalbania, na katika nchi nzima Waalbania ni kama mtu mmoja kati ya wanne. Yugoslavia ilipovunjika, Masedonia ikapata uhuru mwaka 1991, na katiba mpya ikasema hii ni nchi ya taifa la Wamasedonia. Waalbania wakajiona wamegeuzwa wapangaji katika nyumba waliyozaliwa.

Kilichowauma zaidi ni elimu. Zamani vijana wao walikuwa wakienda Pristina, Kosovo, kusoma kwa Kialbania. Lakini mwaka huo huo wa 1991, utawala wa Serbia uliwafukuza walimu na wanafunzi wa Kialbania kutoka chuo hicho. Nyumbani nako, serikali ilikataa chuo kikuu cha Kialbania.

Basi wakaanzisha chao, Desemba 1994, bila ruhusa. Masomo yalipoanza Februari 1995, polisi wakaingia kuyasimamisha. Mtu mmoja akauawa. Mkuu wa chuo, Fadil Sulejmani, akatiwa ndani.

Unadhani waliacha? Wapi! Madarasa yakahamia majumbani mwa watu. Sebule ikawa ukumbi wa mihadhara. Wakasoma, wakafanya mitihani, wakahitimu na vyeti ambavyo serikali haikuvitambua. Hebu fikiria unakesha miaka yote hiyo, halafu ukipeleka karatasi yako kwenye ofisi ya serikali unaambiwa hiyo si kitu.

Mwaka 2001 bunduki zikalia. Waasi wa Kialbania walipigana na majeshi ya serikali kwa miezi kadhaa, hadi Mkataba wa Ohrid wa tarehe 13 Agosti. Mkataba ulikubali kwamba lugha inayozungumzwa na angalau asilimia 20 ya raia itakuwa rasmi pia, na serikali igharamie elimu ya juu kwa lugha hiyo. Mwaka 2004, chuo cha Tetovo kikapata muhuri.

Ila mimi huwafikiria wale wa 1996 na 1997. Hawakujua kwamba 2004 ingefika. Mimi chuo changu kilikuwa na muhuri, geti na maktaba, na bado nilitoka. Wao walikuwa na sebule ya jirani, na asubuhi walirudi.