Eti Kuna Mashine Inasoma Ndoto? Tulia Kwanza, Historia Yake Hii Hapa

Kila baada ya muda kuna stori inazunguka mitandaoni: eti wataalamu wamepata mashine ya kusoma ndoto na kumbukumbu zako. Kabla hujashea, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1924, mjini Jena, Ujerumani, daktari mmoja alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Unajua alikuwa anatafuta nini? Akiwa kijana jeshini alianguka kwenye farasi, akaponea chupuchupu. Siku hiyo hiyo dada yake, akiwa mbali, akahisi kaka yuko hatarini, ikatumwa telegramu. Jamaa akaamini mawazo yanasafiri. Akayatafuta miaka na miaka, akapata mawimbi. Mawazo yenyewe hakuyaona.

Mwaka 2009 Wamarekani wakamwingiza samaki aliyekufa kwenye skana, wakamwonyesha picha za watu. Ubongo "ukawaka"! Walitaka kuonyesha kwamba ukizembea kwenye hesabu, hata maiti anafikiri.

2013, Wajapani wa Kyoto wakaja na ndoto. Watu 3 walilala kwenye skana, wakisinzia tu wanaamshwa na kuulizwa wameona nini, kama mara 200 kila mmoja. Kisha wakaonyeshwa picha za vitu hivyo wakiwa macho ili kompyuta ijifunze ubongo wao. Ikipewa vitu viwili ichague kilichootwa, ilipatia kama mara 60 kwa 100. Ukirusha shilingi unapatia 50. Na bado mwotaji ndiye aliyesimulia ndoto!

Sasa sehemu inayouma. Mwaka 2008, Pune, India, binti mmoja alishtakiwa kumuua kwa sumu aliyekuwa mchumba wake. Akavalishwa vifaa kichwani, akasomewa sentensi kuhusu tukio, yeye kimya. Mashine ikadai ana kumbukumbu ya kutenda. Mahakama ikalipokea hilo kama sehemu ya ushahidi, akapigwa kifungo cha maisha.

Jiulize: mtu aliyehojiwa na polisi kuhusu kifo, akasikia mashtaka mara kibao, atakosaje picha ya tukio kichwani, hata kama hakuwepo? Mashine inaona ubongo umeshtuka. Kwa nini umeshtuka, haijui.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya India ikasema hakuna kumpima mtu ubongo kwa nguvu. Sawa kabisa.

Haya, wewe ungekubali kuvalishwa hiyo kofia mahakamani? Funguka hapo chini.