Usalama Kwenye Mito ya Thika na Ruiru Wakati wa Mvua

Watu wa Pwani walioko Thika, Juja na Ruiru kwa masomo au kazi, wengi wao wamekulia karibu na bahari. Wanajua kuogelea, na wanajua saa za maji kujaa na kupwa. Lakini mto wa bara hauna ratiba hiyo. Unaweza kujaa ghafla jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha mbali, juu milimani.

Maji yanakotoka

Mji wa Thika uko kwenye mito miwili, Chania na Thika, inayoteremka kutoka milima ya Aberdare na kuishia katika mto Tana. Mto Ruiru nao unaelekea Athi, ambao hupita kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, kisha huitwa Galana na mwishowe Sabaki, hadi baharini kaskazini mwa Malindi. Kwa hivyo usitazame mawingu ya hapo ulipo peke yake. Miezi ya hatari zaidi ni ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba.

Dalili za mto unaojaa ni hizi: maji kugeuka rangi ya tope, majani na vijiti kuongezeka, na mngurumo kuzidi. Ukiona mojawapo, panda juu mara moja. Usirudi kuchukua viatu wala simu.

Kuogelea

Maji ya mto hayana chumvi, hivyo hayamwelezi mtu kama ya bahari, na yale ya kutoka milimani ni baridi. Chini ya maporomoko kuna mkondo unaozunguka na kumvuta mtu chini. Miamba ya Fourteen Falls, na ile ya maporomoko ya Chania na Thika, huteleza ikilowa, kwa hivyo usisimame ukingoni kupiga picha. Mto ukiwa umejaa, usikubali kuvushwa kwa mashua, hata nauli ikipunguzwa.

Kuvuka

Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuelea gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya lilizama katika mto Enziu, Mwingi, likijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Zaidi ya watu 30 walikufa. Dereva wa matatu au wa bodaboda akitaka kujaribu, shuka. Kuchelewa si hasara.

Matimbo ya mawe

Ruiru, Juja na Thika zina matimbo mengi ya mawe ya kujengea. Yakiachwa, hujaa maji ya mvua na kubaki hivyo wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Maji hutulia, na watoto huyaona kama kidimbwi cha kuchezea. Lakini kuta zake zimekatwa wima: hatua moja yatosha kumtumbukiza mtoto kwenye kina kirefu, na hapana pa kushika ili atoke. Mzazi aliyehamia mtaa mpya na aulize mapema timbo liko wapi, awaonyeshe wanawe na kuwakataza kulikaribia.

Mtu akitumbukia

Usijitose kumfuata. Wengi hufa wakijaribu kuokoa wenzao. Paza sauti, mrushie kamba, leso ndefu au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mnyooshee mti huku umelala chini. Piga 999 au 112, au nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Ukitumbukia wewe, lala chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, na usogee kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama kwenye mkondo mkali, kwani mguu ukinaswa kati ya mawe maji yatakulaza.

Aliyeopolewa akiwa hapumui, aanze kupuliziwa pumzi na kubonyezwa kifua papo hapo. Akipata fahamu, apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwani maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

Mwenye mtoto anayesoma huko na amweleze haya kabla mvua hazijaanza.