Mashine pepe mfukoni

Mwaka 2003, Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya nyingine. Haikulazimu kuisakinisha. Ikafungashwa pamoja na Damn Small Linux, mfumo wa megabaiti 50 tu, vyote vikatosha kwenye flashi.

Sisi wa saiba tukapata kompyuta yetu: chomeka, bofya, Linux inafunguka kwenye dirisha ndani ya Windows. Ilikwenda kama kobe, kwa kuwa amri zilitafsiriwa kwanza, lakini faili zangu nilirudi nazo nyumbani.

Kosa langu? Nilidhani niko salama. Kila herufi niliyoandika ilipitia Windows ya saiba kwanza, na neno langu la siri likaibwa. Flashi ilikuwa yangu, kibodi haikuwa.