Baridi Hulala Bondeni

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Nimekulia Kasulu nikidhani methali hiyo inahusu maji tu. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba hata baridi ina mkondo wake, na kwamba bibi yangu, ambaye hakuwahi kuketi darasani, aliujua mkondo huo kuliko mimi niliyesomea ualimu.

Nchi ya Waha ni nchi ya vilima na mabonde. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ardhi hupanda kuelekea Kasulu na Kibondo, ambako baadhi ya vilima hupita mita 1,500. Wazee wetu walijenga nyumba zao zikiwa zimetawanyika, kila kaya na migomba yake, mgongoni au kiunoni mwa kilima. Bondeni walikwenda kuchunga na kuteka maji, kisha jioni wakapanda kurudi nyumbani.

Mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma, na watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja. Haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza nayo iliwakusanya watu wengi wa Buha katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kila mara palikuwa na sababu inayoeleweka: mara hii shule, zahanati, barabara. Mimi nilikuwa kijana mwenye imani kubwa na mambo hayo. Bibi alipokataa kuhama, ni mimi niliyekwenda kumbembeleza, na ni mimi niliyebeba kitanda chake kichwani hadi kwenye kiwanja kipya kule chini.

Asubuhi ya tatu nilimkuta amejifunika kanga mbili, anakohoa, moshi wa jiko lake umetanda kama dari juu ya mapaa ya kijiji kizima. Akaniambia, "Mjukuu wangu, huku baridi inalala. Kule kwetu ilikuwa inapita tu."

Nilicheka. Leo sicheki tena, kwa maana maneno yake ndiyo sayansi yenyewe. Jua likizama, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, hasa katika usiku wa kiangazi usio na mawingu. Hewa inayogusa ardhi nayo hupoa na kuwa nzito. Mahali tambarare ingetulia hapo hapo. Lakini kwenye mteremko, hewa hiyo ni baridi kuliko hewa iliyo kimo kile kile juu ya bonde, kwa hiyo huteleza kushuka, polepole kama mtu anayetembea, ikifuata makorongo kama maji. Mjerumani Ludwig Prandtl aliyaeleza haya kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1942. Ikifika chini hujikusanya kama maji bwawani, na hewa yenye joto zaidi hukaa juu yake kama kifuniko. Ndiyo maana moshi haupandi, na ukungu huchelewa kuondoka. Kiunoni mwa kilima, juu ya bwawa hilo, usiku huwa na joto zaidi kuliko bondeni. Jua likichomoza na kuupasha mteremko, upepo hugeuka ukaanza kupanda, na bonde likapumua.

Nilikumbuka kauli ya bibi tena katika miaka ya 1990. Mwishoni mwa 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa huko Burundi, watu walimiminika Kibondo na Kasulu kwa maelfu. Mwaka 1996 wakaja wengine kutoka Zaire, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Nilipopita karibu na makazi yao alfajiri moja ya Julai, niliona moshi wa mioto isiyohesabika ukishuka mteremkoni taratibu, ukilala juu ya maturubai yaliyokuwa chini kabisa. Waliopewa viwanja vya juu waliota moto wao wenyewe. Wa chini walivuta moshi wa wote.

Sisemi kwamba vijiji havikuwa na faida. Nimefundisha watoto ambao, bila kijiji, wasingeiona kalamu. Wala siwezi kusema kwamba ni bonde lililompa bibi kikohozi kile. Alikuwa mzee tayari. Ninachojua ni kwamba tulipima viwanja kwa kamba, mchana, jua likiwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyerudi usiku kusikiliza upepo unapita wapi.

Bibi hakupata nafasi ya kurudi kileleni. Mimi nilipojenga nyumba yangu ya uzeeni, niliijenga kiunoni mwa kilima, hatua chache kutoka ilipokuwa migomba yake. Usiku huusikia upepo ukipita mlangoni kwenda zake bondeni, nami humwomba radhi.