Jenerali Ogolla: Rubani Aliyeacha Makabidhiano Nyumbani Kwake

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliomo madarasani hivi sasa, watu wa Mkoa wa Kagera hawana haja ya kufundishwa ubaya wa ndege za kivita. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Idi Amin ziliushambulia mji wa Bukoba, na ingawa sisi wa Ngara na Biharamulo tuko mbali na mpaka wa Uganda, habari hizo tumezikuta kwa wazee wetu. Kwa hiyo rubani wa vita, katika fikra za wengi wetu, ni mtu ajaye kutoka juu, akaharibu, akatoweka. Makala haya yanamhusu rubani wa vita ambaye habari zake zinatufaa kwa jambo jingine kabisa. Naye ni hayati Jenerali Francis Omondi Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, mwenyeji wa Alego katika Siaya, ng'ambo ya Ziwa Viktoria.

Ogolla alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984. Tarehe 6 Mei 1985 alipewa cheo cha luteni wa pili na kupelekwa katika jeshi la anga. Msomaji wa historia hana budi kuitazama vizuri miaka hiyo. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa anga wa Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Jaribio lilishindwa, jeshi la anga likavunjwa, na lile lililoundwa upya halikurudishiwa jina lake la zamani mpaka mwaka 1994. Basi kijana aliyeingia humo mwaka 1984 aliingia katika nyumba iliyotiliwa mashaka. Imani ya wakubwa haikuwa kitu cha kurithi. Ilibidi itafutwe kwa kazi, siku baada ya siku.

Naye aliitafuta. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita na jeshi la anga la Marekani, akawa mwalimu wa marubani, akaongoza kituo cha ndege cha Laikipia. Mwaka 2018 alifanywa kamanda wa jeshi la anga, mwaka 2021 akawa naibu wa mkuu wa majeshi, na mwezi wa Aprili 2023 Rais William Ruto akamteua kuwa mkuu wa majeshi yote.

Uteuzi huo ulikuwa na mjadala wake, na mwandishi wa historia hapaswi kuuficha. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alimtaja Ogolla miongoni mwa maofisa waliofika Bomas kabla ya matokeo kutangazwa, akidai kwamba walitaka ushindi wa Ruto usitangazwe. Hata hivyo Ruto alimteua, tena akaeleza hadharani kwamba alimteua akilijua jambo hilo, kwa kuutazama utumishi wake. Kila msomaji na apime mwenyewe.

Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, Jenerali Ogolla alikuwa kaskazini mwa Bonde la Ufa. Huko wezi wa mifugo wenye silaha walikuwa wamevuruga maisha ya raia hata shule zikafungwa. Alikwenda kuwatembelea askari na kutazama kazi ya kuzitengeneza shule ili zifunguliwe. Mahali pake pa mwisho palikuwa shule ya sekondari ya wavulana ya Cheptulel. Helikopta iliruka kutoka hapo, na punde ikaanguka katika Elgeyo Marakwet, yapata saa nane na dakika ishirini mchana. Watu 12 walikuwa ndani. 10 walikufa, naye akiwa mmoja wao, na wawili wakanusurika. Zilikuwa zimebaki siku sita tu atimize miaka 40 jeshini.

Hapa ndipo lilipo funzo lenyewe. Jumapili tarehe 21 Aprili, siku ya tatu tangu kufa kwake, alizikwa kwao Siaya kwa heshima zote za kijeshi, lakini bila jeneza. Familia ilieleza kwamba ndivyo alivyotaka: azikwe katika saa 72, pasipo jeneza. Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hilo si geni. Lakini huyu alikuwa Mkristo, jenerali, tena kutoka Ujaluo, ambako mazishi ya mtu mkubwa huchukua siku nyingi na gharama nyingi. Familia ilitii. Aliacha mjane, watoto wawili na mjukuu, na mwanawe wa kiume ndiye aliyesimama mbele ya umma kuueleza wosia huo pasipo kuuonea haya.

Mtumishi wa serikali akihamishwa, huandika makabidhiano: majalada haya, funguo hizi, madeni haya. Asipoandika, ajaye hutaabika. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kuandika makabidhiano ya nyumbani? Tunajua yanayotokea kwetu baba akifa ghafla. Kamati inaundwa, daftari la michango linazunguka, turubai linakodiwa, ng'ombe anauzwa, na hakuna athubutuye kusema "basi", kwa kuogopa kuitwa bahili. Matanga yakiisha, mjane hubaki na deni, na mtoto hubaki bila ada ya shule. Neno la marehemu mwenyewe, alilolisema akiwa mzima, lingewapa ndugu nguvu ya kukataa.

Wako watakaosema kwamba mtu anayepanga maziko yake anajitabiria mabaya. Rubani hasemi hivyo. Yeye hukagua ndege kabla ya kila safari, si kwa sababu anataka ianguke, bali kwa sababu anawajali aliowabeba. Mwenye nyumba naye amewabeba watu.

Wanafunzi, vyeo vya Ogolla huenda mkavipata au msivipate; lakini uangalifu wake kwa watu wa nyumbani hauhitaji cheo. Nasi wahitimu, ambao nywele zimeanza kugeuka rangi, tukiachana baada ya mkutano huu, kila mmoja na akaketi na mwenzi wake na watoto wake, aseme analolitaka, kisha aliandike. Karatasi moja yatosha.