Charles Kumi Gyamfi, Mwalimu wa Kandanda wa Ghana

Mwaka 1951 timu ya Gold Coast, koloni la Waingereza lililopata uhuru mwaka 1957 kwa jina la Ghana, ilisafiri kwenda Uingereza kucheza kandanda, na wachezaji wake wakaingia uwanjani miguu mitupu. Juu ya majani yaliyolowa, nyayo zilizozoea vumbi ziliteleza. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 21, Charles Kumi Gyamfi. Mwaka 1960 alijiunga na Fortuna Düsseldorf ya Ujerumani Magharibi, naye huhesabiwa kuwa Mwafrika wa kwanza kucheza mpira katika nchi ile.

Aliporudi kwao alikabidhiwa timu ya taifa. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, maana Kwame Nkrumah aliutaka mchezo uwe tarumbeta ya umoja wa Afrika, na mwenye kushindwa mbele ya tarumbeta hiyo asingesamehewa upesi. Mwaka 1963 mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yalifanyika Ghana. Sudan ikafungwa mabao 3 kwa 0 katika fainali. Mwaka 1965, kule Tunis, Gyamfi alipeleka kikosi ambacho wengi wao walikuwa wapya, wakawashinda wenyeji 3 kwa 2 baada ya muda wa nyongeza. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Desemba, Ghana ilicheza Nairobi, Kenya ikafungwa mabao 13 kwa 2. Wenyeji walikuwa wakiadhimisha sikukuu ya uhuru wao!

Walakini Kombe la Dunia la 1966 halikuwaona vijana hao. Afrika, Asia na Oseania zilipewa nafasi moja tu, na nchi za Afrika zikasusa. Katika uongozi wa mgomo huo alikuwamo Ohene Djan, mkuu wa michezo wa Ghana. Heshima ya bara ilikombolewa kwa gharama ya wachezaji.

Wapo wasemao kuwa makombe yale mawili yalikuwa ya Nkrumah, kwa kuwa serikali yake ndiyo iliyogharimia kila kitu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Nkrumah alipinduliwa Februari 1966. Miaka 16 baadaye nchi ilikuwa katika dhiki, na Jerry Rawlings ndio kwanza ametwaa madaraka, pale Gyamfi alipoitwa tena na kupeleka timu Libya. Aljeria ilitolewa 3 kwa 2 katika nusu fainali. Kisha Tripoli, mbele ya wenyeji, mchezo ukaisha 1 kwa 1, na Ghana ikashinda kwa penalti 7 kwa 6. Gyamfi akawa na makombe matatu, idadi iliyofikiwa na Hassan Shehata wa Misri mwaka 2010.

Katika kikosi hicho cha 1982 alikuwamo mvulana wa miaka 17, Abedi Ayew, yule Pele aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika mara tatu mfululizo, 1991 hadi 1993.